Gari la Zamani Linalochemsha Safari Ndefu: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Gari lenye umri mkubwa linaweza kuzunguka mjini kwa miezi bila kuonyesha dalili yoyote, kisha likachemsha mara tu linapopewa safari ya saa tatu au nne. Mfumo wa kupoza injini hutengenezwa ukiwa na uwezo wa ziada, na uwezo huo hupungua polepole kadiri miaka inavyopita: mirija ya rejeta huziba kwa kutu na chokaa, mapanga ya pampu ya maji huliwa, springi ya kifuniko hulegea, na mipira ya maji hulainika. Safari fupi haihitaji uwezo huo wa ziada, lakini mwendo wa kasi uliodumu, mzigo mzito au mlima mrefu huuhitaji wote kwa pamoja.

Wenye magari wengi huanza kununua vipuri kabla hawajajibu swali moja la msingi, yaani mshale wa joto hupanda wakati gani hasa. Gari linalochemsha likikimbia na gari linalochemsha likisimama yana matatizo tofauti kabisa, hata kama mvuke unaotoka chini ya boneti unafanana. Kwa hiyo maelezo yafuatayo yamepangwa kwa dalili, na ndani ya kila dalili vyanzo vinavyotokea mara nyingi vimetangulia.

Mshale ukipanda mkiwa barabarani

Zima kiyoyozi, punguza mwendo, kisha washa hita kwa joto la juu kabisa huku feni yake ikivuma kwa nguvu zote. Hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari, na ingawa abiria watalalamika, inaondoa kiasi cha joto kinachoweza kutosha kuwafikisha mahali salama pa kusimama. Mshale ukiendelea kupanda, au ukiona mvuke, simama na uzime injini bila kusubiri kituo kinachofuata. Silinda hedi (kipande cha juu kinachofunika silinda za injini) za magari mengi ni za aluminiamu, na dakika chache za kulazimisha mwendo zinatosha kuzipinda.

Usifungue kifuniko cha rejeta wala cha tangi la akiba injini ikiwa na moto. Mfumo uliofungwa kwa mgandamizo wa takriban bar 1 zaidi ya hewa ya nje huyazuia maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Ukifungua kifuniko, mgandamizo huo hutoweka na maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa na kubonyezwa bila shida, jambo ambalo mara nyingi huchukua kama saa moja. Hata baada ya hapo funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kilegeze kidogo na usikilize kabla ya kukifungua chote. Maji baridi hayamwagwi kwenye injini iliyoungua, kwa nje wala kwa ndani, kwa sababu chuma kinachopoa kwa ghafla hupasuka.

Kuna hali moja inayodanganya watu. Mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla hadi kwenye baridi huku injini bado inafanya kazi, usishukuru. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yamekwisha na kihisi cha joto kimebaki ndani ya hewa au mvuke, hivyo hakisomi tena joto la injini. Hapo zima injini mara moja.

Ukaguzi wa kwanza, injini ikiwa baridi

Fanya ukaguzi huu asubuhi kabla ya kuwasha gari. Angalia kiwango cha maji ndani ya rejeta yenyewe, si kwenye tangi la akiba pekee, kwa kuwa katika magari mengi ya zamani tangi linaweza kuwa limejaa huku rejeta ikiwa nusu. Angalia rangi ya maji: kahawia ya kutu au tope ni ushahidi kwamba mirija ya ndani imeanza kuziba. Chomoa kijiti cha oili uone kama oili imegeuka rangi ya maziwa, na uangalie pia chini ya kifuniko cha kujazia oili. Kagua mkanda unaozungusha pampu kama umelegea, umepasuka au umeng'aa kwa kuteleza. Bonyeza mipira ya maji kwa vidole. Mpira mzima hunyumbulika na kurudi, uliochoka huwa laini kama unga uliokandwa au mgumu wenye mipasuko karibu na klipu.

Tahadhari moja kabla ya kuingiza mikono: feni ya umeme katika magari mengi inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Toa ufunguo, na ukifanya kazi karibu na mapanga yake chomoa waya wa betri.

Dalili: linachemsha kwa mwendo wa kasi au mlimani, linapoa likipunguza mwendo

Hii ndiyo dalili ya kawaida zaidi katika safari ndefu, na ndiyo inayosababisha vipuri vingi kubadilishwa bure. Gari likishakuwa katika mwendo wa barabara kuu, upepo unaopita kwenye rejeta ni mwingi kuliko ule ambao feni ingeuvuta, kwa hiyo kubadilisha feni kwa dalili hii hakusaidii. Tatizo liko kwenye mtiririko wa maji au kwenye uwezo wa rejeta kutoa joto.

Mtuhumiwa wa kwanza ni rejeta iliyoziba. Anza na nje, kwa kuwa ni rahisi. Katika gari lenye kiyoyozi, kondensa (rejeta ya kiyoyozi) hukaa mbele ya rejeta, na nafasi kati ya hizo mbili hukusanya vumbi, manyoya, majani na wadudu ambao huwezi kuwaona ukichungulia kwa mbele. Osha kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine za kuoshea zenye nguvu hulaza mapezi ya rejeta na kuzidisha tatizo. Kisha pima ndani. Injini ikiwa imefika joto lake la kawaida, izime, na upitishe kipimajoto cha mionzi juu ya uso wa rejeta. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingilia hadi upande yanapotokea. Sehemu yenye baridi ya ghafla katikati ni mirija isiyopitisha maji. Rejeta za zamani za shaba zinaweza kufunguliwa na fundi na kuzibuliwa mirija yake, ilhali zile za aluminiamu zenye matangi ya plastiki kwa kawaida hubadilishwa tu.

Wa pili ni themostati, yaani valvu inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta, isiyofunguka kikamilifu. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90, na huwa wazi kabisa takriban nyuzi 10 juu ya hapo. Iliyochoka inaweza kufunguka nusu, na nusu hiyo ikatosha mjini. Kuipima ni rahisi: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka kipimajoto kando yake, na uchemshe. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake, na maji yanapochemka iwe imefunguka wazi. Ikisita au ikifunguka kidogo, badilisha.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu tabia iliyoenea ya kuitoa themostati na kuendesha gari bila hiyo. Katika baadhi ya injini themostati ina sahani ya pili ambayo, inapofunguka njia ya rejeta, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiiondoa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na gari huweza kuchemsha zaidi ya awali. Hata katika injini zisizo na mpangilio huo, gari hubaki baridi kupita kiasi kwenye mwendo mwepesi, hula mafuta zaidi, na oili hukusanya unyevu. Kuitoa ili kufika nyumbani baada ya themostati kukwama ikiwa imefungwa kunaeleweka. Kuifanya kuwa tiba ya kudumu ni kuficha ugonjwa, na kwa kawaida ugonjwa wenyewe ni rejeta.

Wa tatu ni mpira wa chini wa rejeta. Pampu huvuta maji kupitia mpira huo, na ukiwa umelainika hujikunja na kujibana injini inapozunguka kwa kasi. Gari likisimama hurudi katika umbo lake, na fundi haoni kasoro yoyote. Mwombe mtu akanyage mafuta taratibu huku injini ikiwa na joto nawe ukitazama mpira kwa mbali, mbali na mkanda na feni. Baadhi ya mipira hiyo huwa na springi ndani ya kuizuia isijikunje, na springi hiyo huoza kwa kutu au huachwa pale mpira unapobadilishwa.

Baada ya hapo ndipo pampu ya maji ishukiwe. Pampu inaweza kuwa haivuji tone na bado isisukume maji ipasavyo, kwa sababu mapanga yake ya chuma yameliwa na kutu au yale ya plastiki yamelegea kwenye mhimili wake. Njia ya kuthibitisha ni kuifungua. Ikiwa pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, mpe fundi kazi hiyo, kwa kuwa mkanda ukirudishwa vibaya injini inaweza kugonganisha valvu na pistoni.

Usisahau plastiki za chini ya bampa na kingo za mbele. Huvunjika, hutupwa, na hakuna anayezikumbuka, ingawa kazi yake katika magari mengi ni kuelekeza upepo upite kwenye rejeta badala ya kupita chini yake.

Kwa wanaopanda milima mirefu, kuna jambo la ziada. Kiwango cha kuchemka kwa maji hupungua kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Mlimani injini inatoa joto zaidi, gari linakwenda polepole, na maji yanachemka mapema, yote kwa wakati mmoja. Kifuniko kilicholegea, ambacho bondeni hakikuonyesha tatizo lolote, hufichuka hapo.

Dalili: linatulia barabarani, linapanda kwenye foleni au unaposimama baada ya safari

Hapa ndipo feni inapohusika. Kwa feni ya umeme, washa injini na uiache hadi ifike joto lake. Katika magari mengi feni huanza kati ya nyuzi 92 na 100. Isipowaka, anza na fyuzi, kisha relei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) kwa kuibadilishana na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi, kisha plagi na waya zake, ambazo huungua kimyakimya kwa miaka. Feni ikiwaka ikipewa umeme wa betri moja kwa moja lakini haiwaki yenyewe, tatizo ni swichi ya joto au kihisi. Angalia pia kama inazunguka upande sahihi. Baada ya matengenezo ya waya si ajabu kukuta feni inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta.

Feni inayozungushwa na injini huwa na klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa na ina joto, zungusha feni kwa mkono: ikiwa inazunguka kwa urahisi mizunguko mingi bila ukinzani, klachi imekufa. Madoa ya mafuta yaliyokauka kuzunguka kitovu chake ni ushahidi wa pili. Mwisho, hakikisha kava linalozingira feni lipo na halijavunjika, kwa sababu bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile ya rejeta.

Dalili: maji yanapungua kila baada ya safari

Ukijaza maji mara kwa mara, tayari una uvujaji, hata kama sakafu ni kavu. Uvujaji mwingi wa magari ya zamani hutokea tu mfumo ukiwa na joto na mgandamizo, na maji hukauka kabla hayajadondoka. Tafuta alama: mistari myeupe, ya kijani au ya rangi ya kutu kwenye viungo vya mipira, kwenye mshono wa tangi la plastiki la rejeta, na chini ya pampu, ambako kuna tundu dogo lililowekwa makusudi ili maji yatokee sili ya pampu inapochoka. Tundu hilo lisizibwe. Zulia lenye unyevu upande wa abiria, harufu tamu ndani ya gari na ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele vinaelekeza kwenye rejeta ya hita.

Kifuniko nacho hupoteza maji. Kazi yake ni kushikilia mgandamizo na, injini inapopoa, kuyaruhusu maji yarudi kutoka kwenye tangi la akiba. Ikiwa tangi linajaa hadi kumwagika kisha rejeta inabaki na upungufu asubuhi, kagua kifuniko na mpira mwembamba unaounganisha tangi. Ukinunua kipya, kiwe na namba ya mgandamizo iliyoandikwa kwenye kile cha asili; kuchagua chenye nguvu zaidi kwa matumaini ya kupata nafuu hupasua rejeta.

Karakana nyingi zina pampu ya mkono ya kupima mgandamizo. Mfumo baridi hujazwa hewa hadi mgandamizo ulioandikwa kwenye kifuniko na kuachwa kwa takriban dakika 15. Mshale wa kipimo ukishuka, kuna uvujaji. Ukishuka bila tone kuonekana popote, huenda maji yanaingia ndani ya injini, na uhamie kwenye dalili inayofuata.

Dawa za unga za kuziba uvujaji zitumike kwa dharura tu, au zisitumike kabisa. Haziwezi kutofautisha tundu na mrija mwembamba, na rejeta ya hita ndiyo huziba kwanza.

Dalili: mipira inakuwa migumu mapema, mapovu, moshi mweupe

Washa injini iliyo baridi. Ikiwa mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika mbili tatu, kabla maji hayajapata joto, gesi ya mwako inaingia kwenye njia za maji kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya hedi na bloku ya injini. Mapovu yasiyokoma kwenye tangi, moshi mweupe wenye harufu tamu unaoendelea hata injini ikishapata moto, mitetemo ya silinda moja wakati wa kuwasha asubuhi, na oili iliyogeuka rangi ya maziwa ni ushahidi wa aina hiyo hiyo. Povu jepesi la kahawia chini ya kifuniko cha oili pekee halitoshi kutoa hukumu, kwa sababu safari fupi za hali ya baridi nazo hulisababisha.

Kuna kipimo cha kemikali kinachovuta hewa kutoka juu ya maji ya rejeta na kuipitisha kwenye kimiminika cha buluu. Kwa injini ya petroli, kimiminika kikigeuka manjano, gesi ya mwako imo ndani ya maji. Omba kipimo hiki kifanywe kabla ya mtu yeyote kufungua injini yako, kwani ni cha dakika chache na kufungua silinda hedi ni kazi ya siku.

Ikithibitika, acha kuendesha gari. Oili iliyochanganyika na maji huharibu beringi za injini, na maji yakijaa juu ya pistoni wakati wa kuwasha huweza kupinda konrodi (fimbo inayoshika pistoni). Huu ndio mpaka wa kazi ya nyumbani. Fundi apime unyoofu wa silinda hedi kwa rula maalumu na apime mipasuko. Kubadilisha gasketi peke yake juu ya hedi iliyopinda hata sehemu ya kumi ya milimita ni kujiandalia safari ya kurudi karakana.

Dalili: hita inatoa hewa baridi huku mshale ukiyumba

Kiwango cha maji kiko chini, au hewa imenaswa ndani ya mfumo, hasa baada ya matengenezo. Elekeza pua ya gari juu kidogo, injini ikiwa baridi fungua kifuniko na skrubu ya kutolea hewa kama ipo, weka hita kwenye joto, jaza polepole, kisha uwashe injini na uiache ivume huku ukiongeza maji kadiri mapovu yanavyotoka, hadi themostati ifunguke na mpira wa chini upate joto.

Dalili: mfumo wa kupoza ni mzima, gari bado linachemsha

Thibitisha kwanza kama kweli linachemsha. Linganisha mshale na kipimajoto cha mionzi kilichoelekezwa kwenye nyumba ya themostati. Kihisi kilichochakaa au waya mbovu wa ethi huweza kuonyesha moto usiokuwepo. Ikiwa joto ni la kweli, tafuta kinachoilemea injini: breki inayoshika (gusia ringi kwa tahadhari baada ya mwendo bila kukanyaga breki nyingi, na ulinganishe zote), taimingi ya moto iliyochelewa (cheche za plagi zinakuja kwa kuchelewa), mchanganyiko wa hewa na mafuta wenye mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa, au ekzosi iliyoziba, ambayo huambatana na gari kukosa nguvu mlimani. Katika gari lenye gia za otomatiki, mafuta ya gia mara nyingi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo, kwa hiyo gia inayoteleza hupeleka joto lake kwenye maji ya injini. Ukikuta mafuta ya gia yamegeuka ya waridi kama maziwa, kipoza mafuta kimepasuka ndani. Gari livutwe hadi kwa fundi, lisiendeshwe.

Baada ya matengenezo

Jaza mchanganyiko wa kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) na maji yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu isipokuwa kitabu cha gari kinasema vinginevyo. Maji ya bomba huacha chokaa, na maji matupu hayana kinga dhidi ya kutu. Usichanganye kulanti za aina tofauti kwa kuangalia rangi tu, kwa kuwa rangi si kipimo cha kemikali iliyomo na baadhi ya michanganyiko huganda. Kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu, hivyo iliyomwagwa isiachwe watoto au wanyama wanapoweza kuifikia.

Kabla ya safari ndefu, endesha kwa nusu saa kwa mwendo wa barabara kuu karibu na nyumbani, simama dakika 10 injini ikivuma ili feni iwake na kuzima, kisha liache gari lipoe usiku kucha. Asubuhi angalia kiwango cha maji. Kikishuka kidogo mara moja, hewa iliyobaki imetoka. Jaza na urudie jaribio. Kikishuka tena mara ya pili, uvujaji bado upo, na safari iahirishwe hadi upatikane.